Shule yasema mwanangu aje siku mbili tu kwa wiki. Nianzie wapi?

MamaNasri_Kisauni

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Miezi mingi nasoma tu humu kimya kimya, leo yamenifika shingoni nikaona niandike. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Ana Down syndrome, hilo tulijua siku ya pili tu baada ya kuzaliwa, daktari alimtazama macho na viganja akatwambia. Moyo ulikuwa na tundu dogo likajifunga lenyewe alhamdulillah. Sasa mwaka jana ndo tukaambiwa ana otizimu pia, yaani usonji. Mimi nlikuwa nshashuku tangu ana miaka 3 kwa sababu alikuwa na maneno kama kumi hivi, maji, baba, paka, toka, halafu yakapotea moja moja mpaka likabaki "toka" peke yake, na kila nikisema naambiwa ah hawa wa Down huchelewa mama, mpe muda. Nikampa muda. Hata kombe nshamnywesha, mama mkwe ndo alotaka, sikumkatalia.

Yuko gredi 2 shule ya serikali hapa mtaani, darasa lina watoto 70 na kitu na ticha ni mmoja. Term ya kwanza haikuwa mbaya. Term hii hedi ticha akaniita, akanambia mtoto asumbua, kengele ikilia apiga mayowe, avua viatu, alala darasani, atafuna kola ya shati mpaka inakatika, na siku moja alitoka getini akaja kuonekana steji ya tuktuk, na hapo mimi mwenyewe moyo ulinidondoka maana ile barabara mwaijua. Kwa hivyo wameamua awe akija Jumanne na Alhamisi tu, na saa nne niwe nishamchukua. Halafu akaongeza, mama, sisi tushawahi kuwa na mtoto wa Down hapa, alikuwa mchangamfu, akumbatia kila mtu, huyu wako ni mambo mengine, pengine ni malezi.

Wallahi nlitoka mle ofisini miguu haina nguvu. Sikumjibu hata neno, nlisema tu sawa mwalimu. Mpaka leo najilaumu ile sawa.

Sasa babake asema tumtoe akae nyumbani yaishe, dadangu asema tumtafutie bweni huko bara. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, saa nne ndo kwanza nahesabu hela. Nataka kujua, shule yaweza kufanya hivi? Na nikirudi pale nikaseme nini, maana nikiingia ofisini naanza kulia.

Bint_Mikindani

Wa aleikum salam dadangu, pole sana. Hilo neno malezi nami nlipigwa nalo, msichana wangu sasa ana miaka 15 na ana zote mbili kama wako, na bado nikimwona yule mama alonambia nabadilisha njia.

Nikutoe hapo kwanza. Down syndrome ni kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, mtoto kaja nayo tumboni. Otizimu nayo hailetwi na malezi. Na hizi mbili hukaa pamoja kuliko watu wadhanivyo, utafiti umeonyesha kati ya watoto 100 wa Down kama 16 mpaka 18 hivi wana otizimu pia, sema huchelewa kuonekana kwa sababu kila kitu watu wasema ni Down. Hasemi, ni Down. Hakutazami, ni Down. Maneno yamepotea, ni Down. Halafu wakija shule wageuziwa, eti huyu mbona hakumbatii watu kama wa Down. Yule mtoto mchangamfu wa hedi ticha wako ndo taabu yenyewe, maana amemfanya yeye ndo rula ya kuwapimia wote.

Sasa kabla hujaenda kugombana na mtu, mpeleke kwa daktari wa masikio. Nasema hivi kwa uchungu. Watoto wetu njia za masikio ni nyembamba, maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto asikia kama alozama, na kwa kuwa hasemi hatakwambia. Wangu alikuwa ajipiga kichwa upande mmoja karibu mwaka mzima, ticha akaandika kwenye ripoti "anajidhuru", kumbe sikio laoza. Umesema alala darasani pia, je usiku akoroma? Watoto wa Down wengi pumzi huwakatika usingizini, tonsili kubwa, ulimi, shingo fupi, basi mtoto alala masaa kumi na aamka kachoka kama katoka kubeba magunia bandarini. Na thairoidi ipimwe damu, nayo hulegeza mtoto. Haya yakitibika yatibiwe, yalobaki ndo uzungumze na shule.

Pili, andika karatasi MOJA kuhusu mtoto. Si ripoti ya daktari, hiyo ticha haisomi ana watoto 70, ataipata wapi nafasi. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha nyumbani. Wangu niliandika hivi: Hasemi kwa mdomo lakini aelewa Kiswahili chote, usimseme vibaya mbele yake. Akiziba masikio si utundu, kelele zamuumiza. Akitaka choo hushika mlango. Ukimwambia "hapana" peke yake hajui afanye nini, mwonyeshe kinachofuata. Yuwapenda maji, mpe kazi ya kuwamwagia wenzake wanawe mikono atatulia. Asipinduke kichwani wala kupiga sarakasi, shingo za watoto wa Down baadhi yao hazina nguvu. Chini kabisa namba yangu ya simu. Nilitoa fotokopi kumi, ticha, ticha wa michezo, mpishi, askari wa geti. Askari wa geti dadangu usimsahau. Yule ndo anokaa kati ya mtoto na tuktuk.

BabakeTwahir

Mama usikubali hata siku moja!! Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bure na ya lazima, kifungu cha 54 mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma pamoja na jamii kwa kadiri inavyomfaa mwenyewe. Sheria ya elimu ya msingi ya 2013 kifungu cha 34 chasema shule isimbague mtoto katika kumpokea na ulemavu umetajwa kwa jina, cha 35 mtoto hafukuzwi hivi hivi kwa maneno ya mdomo. Siku mbili mpaka saa nne hiyo si shule hiyo ni kumfukuza kwa adabu. Ita redio, ita waandishi, wakiona kamera watanyooka

Bint_Mikindani

Kakangu vifungu hivyo ni kweli na aviandike. Lakini redio no, si sasa. Mtoto atashinda mle ndani bila mamake masaa sita kila siku, na hawezi kuja nyumbani kusema leo nimefinywa. Mimi nataka ticha anompenda kidogo kuliko hedi ticha anoniogopa sana.

TichaWaYuniti

Nimesoma yote. Mimi ni mwalimu, nafundisha yuniti ya watoto wenye ulemavu wa akili ndani ya shule ya kawaida hapa hapa Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa. Naomba niseme na upande wetu kidogo kisha nikusaidie.

Upande wetu ni huu. Ticha mwenye watoto 70 na mmoja katoka getini, yule ticha usiku halali. Mtoto akigongwa ni yeye atakayeulizwa. Mara nyingi hiyo "siku mbili kwa wiki" si ubaya wa roho, ni woga. Ukiingia ofisini ukijua mbele yako kuna mtu anayeogopa, utaongea tofauti. Hiyo haimaanishi ana haki ya kufanya alivyofanya. Hana.

Sasa kazi. Mtoto amepimwa na EARC, kile kituo cha elimu cha kupima watoto wenye mahitaji maalum? Wengi wanadhani karatasi ya hospitali inatosha. Ya hospitali inasema mtoto ana nini, ya EARC inasema asome wapi na asaidiwe vipi, na hiyo ndiyo shule na wizara wanaitambua. Vituo hivi viko Kenya tangu 1984, nenda ofisi ya elimu ya sub-kaunti yako waulize cha kwenu kinakaa shule gani na siku gani wanapima. Nenda na ile ripoti ya otizimu, usiende na ya Down peke yake, maana hapo ndipo watoto kama wako wanapotea: anaandikwa "ulemavu wa akili" basi, na mambo ya kelele, ya ratiba, ya kutoroka hayaandikwi popote. Waambie waandike ZOTE mbili. Ukitoka huko fuatilia na kadi ya baraza la watu wenye ulemavu kama huna, itakufaa kwingi.

Na usipoteze nauli kwenda kaunti. Watu wengi wanakosea hapa. Kaunti ina PP1 na PP2 tu, yaani chekechea. Gredi 1 kwenda juu ni serikali kuu, kwa hivyo mtu wako ni mkurugenzi wa elimu wa sub-kaunti. Lakini usimrukie hedi ticha, anza na yeye kwa barua.

Barua iwe fupi. Usilie ndani ya barua, wala usitukane. "Tarehe fulani nilielezwa kwa mdomo kwamba mtoto wangu atahudhuria siku mbili hadi saa nne. Naomba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake. Naomba pia kikao cha kuandaa IEP ya mtoto." Nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Nikwambie siri yetu walimu, ukiomba uamuzi kwa maandishi nusu ya maamuzi ya aina hii yanayeyuka, kwa sababu hakuna hedi ticha anayetaka sahihi yake chini ya kitu kama hicho.

IEP ni mpango wa mtoto huyo peke yake, afundishwe nini term hii, kwa njia gani, nani anafanya. Hapo kwenye kikao usiende na mambo ishirini. Mimi ningeenda na haya: geti lifungwe kwa komeo na askari awe na picha ya mtoto, akae karibu na ticha mbali na dirisha la barabarani, kabla kengele haijalia atolewe au avae vizibo vya masikio, vile vya mafundi wa grainda, hadweya utapata, na ratiba ya picha. Ratiba unatengeneza mwenyewe, piga picha kwa simu, darasa lake, choo chake, mfereji wa shule, uji, begi, mama getini. Ziprintiwe saiba, zipigwe laminesheni, zibandikwe kwa velkro, akimaliza kitu anabandua. Mtoto wa otizimu anayelia ukimtoa kwenye kitu kimoja kwenda kingine mara nyingi analia kwa sababu hajui kinachokuja. Wewe mwenyewe ukishikwa mkono tu ukavutwa bila kuambiwa waenda wapi utapiga mayowe.

Kuhusu yuniti au darasa la kawaida, sitakudanganya. Katika CBC, mtaala wetu wa umilisi, kuna njia ya hatua kwa watoto wasiofuata gredi, inaanza na msingi inaendelea mpaka ufundi, na huko mtoto anajifunza kuvaa, kwenda choo, kuhesabu hela, kushika kazi. Ni nzuri ikiwa na mwalimu. Lakini kuna yuniti nimeziona ni stoo ya watoto, wanakaa kwenye mkeka mpaka saa saba wanapewa chakula wanaenda nyumbani. Ukienda kuitazama usitazame rangi ya ukuta. Muulize mwalimu, mtoto huyu pale mwezi uliopita alikuwa hawezi nini na sasa anaweza? Akishindwa kujibu ondoka.

Bweni bara kwa mtoto wa miaka 8 asiyesema, mimi kama mzazi singempeleka. Hayo ni maoni yangu tu.

Kaka_Likoni

samahanini mie nauliza tu bila ubaya, mtoto hasemi, hashiki kalamu, hiyo shule ni ya nini hasa? si bora mamake amfunze kazi ya mkono nyumbani, hata kukanda mahamri. mbona mwalazimisha mambo ya gredi na karatasi, mtoto mwenyewe yuwateseka na kengele

Bint_Mikindani

Bila ubaya na mie nakujibu. Wangu sasa afunga vifungo vya shati, aenda choo peke yake, akata kachumbari kwa kisu (namtazama), na apanga viatu vya msikiti vyote kwa ukubwa hata ukimwambia basi. Hakuna hata kimoja nilichomfunza mimi. Mimi nlikuwa nampenda sana nikimfanyia kila kitu. Ni ticha mmoja wa yuniti alonikataza kumfungia viatu, nikamchukia mwezi mzima. Kukanda mahamri nako kwataka mtu wa kukufunza hatua moja moja, na mama mwenye biashara saa kumi na moja alfajiri hana nafasi hiyo.

Kaka_Likoni

haya nimekusikia dada. hapo kwa viatu vya msikiti nimecheka

MamaNasri_Kisauni

Nawashukuru nyote, nimesoma nikalia nikasoma tena. Ticha wa Yuniti nimekopi maneno yako ya barua vile vile. Nauliza moja, huko kwenye kikao babake aje? Maana yeye ni mtu wa kukubali kila kitu, akiambiwa na mwalimu atasema naam naam.

TichaWaYuniti

Aje. Mwambie kazi yake ni kuandika tu. Baba aliyekaa na daftari na kalamu kimya anatisha kuliko baba anayepiga kelele. Akitaka kusema naam aandike naam.

MamaNasri_Kisauni

Narudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kukawia.

Masikio: maji yote mawili kulia na kushoto!! Daktari akasema mtoto huyu hasikii vizuri pengine tangu lini hatujui. Kapewa dawa, tutarudi kuona kama atahitaji vimirija. Usiku akoroma ndiyo, tonsili zitazamwa. Nimekaa kwenye benchi pale hospitali nikawaza lile neno malezi nikataka kurudi kumwambia hedi ticha siku hiyo hiyo, nikajizuia.

Barua nilipeleka, sekretari akagonga muhuri bila hata kuisoma. Baada ya siku mbili nikaitwa. Ticha wangu maneno yako yalikuwa kweli, uamuzi wa siku mbili haukuandikwa popote na sasa eti "tulikuwa tunashauriana tu mama". Babake akaandika hilo nalo kwenye daftari, hedi ticha akawa aitazama ile kalamu.

Tulikubaliana geti, askari amepewa picha na ile karatasi moja, na aliponiona kesho yake akanambia kumbe huyu ukimwita kwa jina hageuki, lazima umguse bega, mbona hamkuniambia zamani. Kiti kimehamishwa. Vizibo vya masikio avivaa, siku ya kwanza alivirusha, ya pili avivaa kichwani kama kofia, sasa avaa. Atakaa siku zote tano, lakini mpaka saa sita tu kwa sasa, hilo sikuweza kulishinda, wasema tutazame tena term ijayo baada ya EARC. Tumepewa tarehe.

Walilokataa kabisa ni mtu wa kukaa naye darasani. Wasema shule haina hela ya shedo, nikitaka nilete wangu nimlipe mwenyewe. Nina mpwa wangu kamaliza fom foo yuko nyumbani, yuwampenda mtoto, lakini sina mshahara wa kumpa zaidi ya nauli na chai. Mlifanyaje nyie?

Bint_Mikindani

Sisi tulikuwa wazazi watatu darasa moja tukachanga kumlipa mtu mmoja. Uliza kama kuna mtoto mwengine pale shuleni mwenye shida, hata gredi nyengine, hukosi, wazazi wengine wamekaa kimya tu kama ulivyokuwa wewe. Na huyo mpwa kabla hajaanza akakae yuniti ya Ticha siku mbili aone, kama Ticha ataridhia. Asije akawa wa kumfanyia kila kitu kama mimi.

TichaWaYuniti

Naridhia, ila aombe ruhusa kwa hedi ticha wangu kwanza kwa barua 😀 Nitumie ujumbe wa faragha tupange. Na ratiba ya picha imefika wapi?

MamaNasri_Kisauni

Imebandikwa kando ya dawati lake, picha sita. Jana ticha wake alinipigia simu, nikajua ni balaa, nikaacha karai la mafuta jikoni. Kumbe ataka kunambia mtoto kabandua picha ya mfereji mwenyewe akampelekea mkononi. Ataka maji. Hajawahi kuomba kitu pale tangu aanze. Ticha asema akampeleka mbio mbio mfereji, na mfereji wenyewe umekauka, si mwaijua Mombasa, ikabidi ampe ya chupa yake.